Volti Kumi na Moja Nukta Mbili

"Mwewe kwa Inspekta. Mbuzi wamegeuka. Narudia, mbuzi wamegeuka. Ova."

Mkwaruzo tu.

Kasyoka alibonyeza tena kitufe cha redio ya Motorola. Taa nyekundu iliwaka, ikafifia, ikazimika.

Futi mia nane chini ya ndege yake ndogo, lori la Isuzu lilikuwa limeiacha barabara ya Kibwezi na kushika njia ya vumbi ya Wote. Lilijaa mbuzi. Chini ya mbuzi kulikuwa na sakafu ya uongo. Chini ya sakafu, bunduki mia mbili za G3 zilizopakiwa Nuu alfajiri hiyo ya Agosti, 1991.

Na katikati ya mbuzi alikaa Daud Bile.

Kwa macho ya watu Daud alikuwa mchuuzi wa mifugo. Kwa Kasyoka alikuwa jasusi mwenzake, mwaka wa tatu sasa. Walikuwa wamekubaliana: kofia nyeupe kichwani, mambo shwari. Kichwa wazi, nimejulikana.

Kichwa kilikuwa wazi. Mikono ilikuwa imefungwa nyuma.

Saa tisa na dakika ishirini.

Njia ya Wote ilikuwa na maana moja tu: ghala kuukuu la pamba huko Matiliku. Lori lingefika saa kumi na moja, bunduki zishushwe, na Daud asishuke akiwa hai. Inspekta Muthama na askari wake walikuwa wamejificha Kibwezi, mwendo wa saa nzima kutoka hapo. Wasipoambiwa kabla ya saa kumi, Abshiro, mkewe Daud, angejifungua akiwa mjane.

Kipimo cha betri kilisema volti kumi na moja nukta mbili.

Injini ya Rotax ilinguruma bila wasiwasi. Cheche zake zilijitengenezea umeme wake, hazikuitegemea betri. Redio ndiyo iliyoitegemea. Kusikiliza kulikula umeme kidogo. Kusema kulikula mwingi.

Betri haikuwa ikichajiwa.

Au kuna mtu aliyehakikisha haichajiwi.

Akainamisha pua ya ndege na kutua kwa kishindo kwenye uwanja wa misheni, mahali ilipokuwa ikilazwa. Ndolo, fundi wa misheni na shemasi wa kanisa, alitoka bandani akijifuta mikono. Alikutana na mdomo wa bastola ya Browning.

"Nani ameshika ndege yangu tangu Jumatatu?"

"Ni mimi, mwaitu, mama yangu. Na kina mama wa kwaya." Ndolo aliitazama bastola kama anavyotazamwa mbwa wa jirani. "Weka hiyo kitu chini. Ukinipiga risasi, nani atakushikia spana?"

Alikuwa na hoja. Kasyoka aliirudisha bastola kiunoni.

"Simu ya karibu?"

"Posta ya Kitui. Saa moja na nusu kwa pikipiki, isipopata pancha."

"Basi leta mita."

Ndolo alileta mita kuukuu ya Avo ya kupimia umeme. Fyuzi, nzima. Waya za betri, zimekaza. Akavuta kamba ya kuwashia, injini ikawaka, Kasyoka akaongeza mafuta hadi vumbi likafunika banda.

Kumi na moja nukta mbili. Sindano haikupanda hata unywele.

Alizima. Akachomoa waya mbili za njano zitokazo kwenye injini, akawasha tena, akapima hizo.

Volti ishirini na nane.

"Injini inatoa umeme," alisema. "Unapotelea njiani."

Njiani kulikuwa na kitu kimoja tu: kisanduku cha alumini, ukubwa wa pakiti ya sigara, kinachougeuza umeme wa injini uweze kuingia kwenye betri.

"Basi hicho kimekufa," Ndolo alisema. "Na kingine kiko Nairobi."

Saa kumi kasoro robo.

Kasyoka aliketi kwenye vumbi. Alimwona Daud kati ya wale mbuzi, akitazama juu, akingoja. Alifikiri atamwambiaje Abshiro.

Kisha akaona bomba lililoshikilia kisanduku. Lilikuwa la buluu. Buluu mpya, ya kung'aa.

"Shemasi. Hii rangi ni ya lini?"

"Si D.O. wa tarafa anakuja Jumapili? Tulipaka kanisa, tukapaka miti, tukapaka mawe yote ya njia. Mama Mutindi akasema ni aibu mgeni aone ndege chakavu. Na rangi ilikuwa imebaki."

"Mlikifungua hiki kisanduku?"

"Tulikifungua bolti, tukapaka bomba hapo chini yake vizuri, mara mbili, tukakirudisha. Kazi ya Mungu haifanywi nusu."

Kisanduku hakikuwa na waya wa hasi. Njia ya umeme kurudi ilikuwa mwili wake wenyewe ukigusa bomba, chuma kwa chuma. Rangi ya mafuta ilikuwa imeiziba.

Hapakuwa na msaliti. Palikuwa na heshima kwa mgeni.

"Msasa."

"Umeisha kwa madirisha ya kanisa."

"Panga, basi."

Walikwangua kwa zamu. Ndolo aliomba kwa Kikamba. Kasyoka alimwambia aombe na mikono ikienda. Chuma kilipong'aa, wakakirudisha kisanduku na kukaza bolti. Kamba. Mafuta.

Volti kumi na moja na nusu. Kumi na mbili na nusu. Kumi na tatu nukta sita.

Alikuwa angani kabla Ndolo hajasema amina.

"Mwewe kwa Inspekta. Ova."

"Tulidhani umeanguka. Ova."

"Mbuzi wanaelekea ghala la pamba, Matiliku. Mwenzetu amefungwa, yuko nyuma ya lori. Msipige risasi huko. Ova."

"Tutachelewa dakika chache, dada."

"Hizo niachie. Ova."

Alilipata lori kilomita mbili kabla ya Matiliku, likiteremka kuvuka mto wa mchanga. Alilijia uso kwa uso, magurudumu yakikaribia kugusa kioo. Dereva akakata kona. Lori likazama kwenye mchanga hadi ekseli, ubao wa nyuma ukafunguka, mbuzi wakamwagika, na Daud akabingirika kati yao.

Watu wawili waliruka kutoka mbele na bastola mkononi. Hawakumwona Daud, waliona mbuzi tu. Kisha waliona Land Rover tatu za polisi zikitimua vumbi ng'ambo.

Wakatupa bastola.

Kasyoka alitua barabarani, akashuka, akamkata Daud kamba.

"Dada, Abshiro asijue."

"Atajua. Unanuka beberu."

Nyuma yao Muthama alikuwa anang'oa mbao za ile sakafu na kumwita aje aone. Kasyoka hakugeuka. Alimwonyesha Daud kiti cha nyuma cha ndege, akavuta kamba ya injini.