"Ci-joint" ya Noëlla

Wapenzi wangu, Noëlla hakuwa mtu mbaya. Pale kwenye zahanati ya Nyawera alikokuwa sekretere, aliwapisha wazee kiti chake na kuwachekesha watoto. Alikuwa akinywa chai yake kwa utulivu alipoingia Mwanvita, muuza samaki, amembeba binti yake Merveille. Mguu wa mtoto ulikuwa umevunjika na kufungwa plasta, na sasa alikuwa ameuangukia tena mguu ule ule.

Wakampiga picha mpya ya mfupa. Bingwa wa mifupa yuko mji mwingine, huandikiwa kwa mail. Noëlla akaandika kama alivyozoea: "Ci-joint, docteur. Merci." Yaani, kuna kitu nimeambatisha. Neno hilo kwake lilikuwa kama Amina: ukishalitamka, sala imekwisha. Hakusema ni kitu gani, wala ni vingapi. Kumbe iliyokwenda ni picha ya zamani peke yake, ile ya kabla ya kuanguka tena.

Jibu likarudi: mfupa umekaa vizuri, plasta ibaki.

"Aksanti sana, maman Noëlla! Mungu akubariki," Mwanvita akasema. Kesho yake akamletea sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umepinda.

Noëlla akaifungua mail ile, akakuta picha moja tu, ya zamani. Akampigia daktari.

"Docta, mbona hukuulizia picha ya pili?"

"Ya pili gani? Uliandika 'ci-joint' tu. Kama ungesema ziko mbili, ningekuuliza ingine iko wapi."

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini zile sambaza alizokula zilimsuta. Akamfuata Mwanvita sokoni.

"Maman Merveille, kosa iko yangu. Picha mupya sikuituma."

Mwanvita akaacha kupanga samaki. "Na miye nilikuwa nakuombea baraka." Akajifuta mikono. "Twende. Utaandika tena, nione."

Safari hii Noëlla aliandika: "Docteur, nimeambatisha picha mbili za mguu wa Merveille: ya kwanza, na ya baada ya kuanguka tena." Akahakikisha zote zimo, ndipo akatuma.

Merveille alipasuliwa, mfupa ukavunjwa upya ili unyooshwe. Leo anatembea, ila anachechemea. Akipita zahanati humpungia Noëlla mkono kwa furaha. Noëlla naye humpungia, kisha huinamisha uso.

FUNZO

Ukiandika kwamba umeambatisha kitu, kitaje kwa jina, sema ni vingapi, kisha utazame kama kweli kimo. Anayepokea hawezi kuulizia kitu asichojua kwamba kipo. Haraka yako ndogo, wapenzi wangu, mtoto wa mwenzako anaweza kuibeba mguuni maisha yake yote.