Mke Wangu Hakuchoma Gari, Nilimfungia Mlango Mimi

Nina miaka arobaini na mbili. Nina mtoto mmoja wa kike, nyumba ya vyumba viwili hapa Kismayo, na kila mtu mtaani ananiita mtu mwema. Wasomaji wenzangu, laiti mngejua jina hilo linavyonichoma...

Naandika haya kwa sababu nimeyasema kwa mdomo na hakuna aliyeyasikia. Mtaelewa mbele. Naomba mnisome mpaka mwisho, hata kama katikati mtanichukia. Mkinichukia mtakuwa na haki.

Mimi ni Mbajuni, mzaliwa wa kisiwa cha Chovae. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua, na babu yangu vilevile. Sisi hatupimi kwa karatasi. Fundi anaiona mashua kichwani, anaweka mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, anasimamisha mataruma, zile mbavu zake, na jicho lake ndiyo futi yake. Nilipohamia Kismayo na marehemu mke wangu, Mwanahawa, wenye mashua walikuwa wameanza kuvisha vyombo vyao faiba. Nikajifunza kulaza yale matambara ya faiba, kuyapaka gundi yake, na kuyasugua kwa msasa mpaka yang'ae. Kazi ikanipenda nami nikaipenda.

Siku moja akaja Haji Dahir, mfanyabiashara anayejulikana hapa mjini. Gari lake lilikuwa limebingiria kwenye barabara ya Jilib. Injini nzima, magurudumu mazima, lakini bodi imekuwa kama kopo lililokanyagwa. Mafundi wa gereji wote walimwambia auze vyuma. Akanitazama akasema, "Walaal, ndugu yangu, wewe unaunda chombo kinachopita katikati ya bahari. Bodi ya gari itakushinda?"

Mtu mwenye akili angesema itanishinda. Mimi nilisikia kifua kinajaa.

Nilimwambia sitamrudishia gari lake la zamani. Nitamwundia gari ambalo hajaliona mtu, si hapa, si Mombasa, si Dubai. Nikalichora kwa mkaa kwenye ukuta wa ua wangu, ukubwa wake kamili, pua imeinama, mgongo umenyooka, ubavu umeingia ndani kidogo halafu unatoka. Mwanahawa akasimama na sinia la unga mkononi, akacheka, akasema, "Baba Zuhura, hili lataka tanga."

Tulifanya kazi miezi saba. Nasema tulifanya, maana huo ndio ukweli. Nilikata miti ya mkoko nikaifunga juu ya ile fremu ya chuma kama mataruma. Tukazungusha waya na magunia, kisha tukakandika udongo juu yake. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Unapunguza hapa, unaongeza pale, unarudi nyuma, unafumba jicho moja. Ubavu wa kushoto ukikaa vizuri, wa kulia unakucheka. Niliubomoa upande wa kulia mara nne.

Na viganja vya Mwanahawa vilikuwa bora kuliko macho yangu. Alikuwa mpika mkate wa mofa, amekanda unga tangu utoto wake. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya udongo, taratibu, amegeuza uso pembeni, halafu anasimama ghafla. "Hapa pana uvimbe." Mimi sioni kitu. Naweka ubao ulionyooka, naangalia, kweli pana uvimbe! Hakukosea hata siku moja.

Tukachukua kalibu ya jasi, yaani ganda la kunakili umbo, juu ya udongo, vipande vipande, na ndani ya kalibu tukalaza faiba. Yeye ndiye aliyekata matambara. Mikono ilimwasha mpaka akawa anaiosha kwa ndimu. Vipande vilipokauka tulivitoa, tukaviunganisha juu ya gari, tukasugua. Wallahi, lilitoka gari. Watu wakawa wanapanda juu ya ukuta wa jirani kuchungulia. Wale wa gereji waliokuwa wakisema mvuvi na gari wapi na wapi, walikuja, wakatazama, wakaondoka kimya. Nami nikavimba. Nikaanza kumkatiza mke wangu akisema. Nikaanza kusema "gari langu", kwa kitu ambacho nusu yake ilikuwa mikono yake.

Sasa nitawaambia desturi yetu, kwa sababu hapo ndipo nilipomuua.

Kwetu chombo hakitoki bandani bila kufukizwa. Kikishapakwa mafuta, mke wa fundi anatia makaa na ubani kwenye chetezo, anakizunguka chombo mara saba, anaingiza moshi mpaka ndani ya tumbo lake, huku fundi anasoma Fatiha. Na hufukizwa mafuta yangali mabichi, ili harufu ishike kwenye mbao. Mama yangu alimfanyia hivyo baba yangu kila chombo. Ni jambo zuri. Lakini mashua hufukizwa ufukweni, kwenye uwazi, na mafuta yake ni ya papa.

Alhamisi ile nilikuwa nimepaka mkono wa mwisho wa gundi, ile nyembamba ya juu, nimeichanganya na thina ili itiririke vizuri. Banda langu liko uani, la mabati, na nilikuwa nimeziba kila tundu kwa magunia. Upepo wa Kismayo mnaujua, au basi nawaambia: unabeba mchanga. Chembe moja ya mchanga ikishika kwenye gundi mbichi, miezi saba imekwisha. Haji Dahir alikuwa analijia gari kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, na alikuwa ameshaalika watu.

Ilikuwa baada ya alasiri. Zuhura, binti yetu wa miaka tisa, alikuwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Nikamwita Mwanahawa, nikamwambia alete chetezo.

Akaja mpaka mlangoni, akarudi nyuma. Akasema harufu ni kali, inampanda kichwani. Akasema tungoje kesho, gundi ikikauka tulisukume gari nje tulifukize uani.

Ndivyo alivyosema! Mke wangu, asiyejua kusoma maandishi ya kwenye kopo la thina, yanayokataza moto karibu, alijua. Nami niliyeyasoma, nikamkaripia. Nikamwambia anataka kunivunjia baraka. Nikamwambia mama yangu hakuwahi kumjibu baba yangu hivyo mbele ya chombo. Akajifunga kanga vizuri, akaingia.

Nikaurudisha mlango, nikaushika kwa nje kwa mikono yote miwili, upepo usije ukaufungua. Nikaanza kusoma. Kila akikamilisha mzunguko alikuwa anagonga bati mara moja ili nijue. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Baada ya ule wa tano akasema, "Baba Zuhura, fungua kidogo. Nasikia kizunguzungu."

Nikamjibu, "Mbili tu zimebaki. Maliza."

Haya ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mke wangu akiwa mzima. Nilisikia nyayo zake zikitembea tena... halafu nikasikia mvumo, kama mtu amekung'uta tanga kubwa, na mlango ukanisukuma kifuani.

Sitaeleza nilivyomtoa. Nilimtoa. Gari liliungua lote, likabaki fremu na injini. Kusema kweli sikuligeukia hata mara moja, na hilo nalo halinisaidii.

Hospitalini alikuja shemeji yangu Bakari, kaka yake Mwanahawa. Ni nahodha, mtu wa maneno machache, aliyemlea dada yake tangu baba yao alipofariki. Alinishika bega. Aliuliza kwa upole kabisa, "Nani alipeleka moto kule ndani?"

Nami nikasema, "Ni yeye mwenyewe. Nilikwenda msikitini kuswali. Nimerudi nimekuta moshi."

Sikulipanga. Lilitoka lenyewe, limekamilika, na swala yangu imewekwa ndani yake kama shahidi. Je, ningeshindwa kusema, "Nilimlazimisha, shemeji"? Ni maneno mawili. Niliogopa macho yake. Niliogopa kuitwa mtu aliyemchoma mkewe kwa ajili ya gari. Nikajiambia nitasema kesho, mambo yakitulia. Kesho ikaja, nikasema kesho.

Siku ya tatu nilibaki naye peke yangu. Uso wake ulikuwa umesalimika upande mmoja. Nikainama nikamwambia nilichowaambia watu. Sikumwomba aseme chochote. Au labda kule kumwambia ndiko kumwomba kwenyewe, sijui, nimelifikiria mpaka nimechoka.

Akasema, "Basi na iwe hivyo. Mwana asije akatukosa sote wawili."

Jioni Bakari alipokuja, yeye mwenyewe alimwambia, kwa sauti iliyokatikakatika, "Ni mimi, kaka. Yeye hakuwako. Usimuulize tena." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, miguuni pa kitanda. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni tu.

Jumanne asubuhi alifariki.

Wasomaji, nilidhani huko ndiko mwisho wa adhabu. Kumbe ndiyo kwanza inaanza! Msibani niliwasikia wanawake wakisema marehemu alikuwa na haraka, alitaka kumfurahisha mumewe kwa ubani asioagizwa. Mama mkwe wangu, mzee wa watu, alinishika mikono akaniomba radhi kwa niaba ya bintiye. Akasema kwa Kibajuni chetu, "Kila mchu yuwajua kazi yako ilivyokuwa. Mwanangu amekurudisha nyuma, msamehe." Mama anamwombea msamaha marehemu wake kwa muuaji wake... Nami nikajibu nini? Nikajibu, "Nimemsamehe, mama." Nililitamka hilo kwa mdomo huu.

Haji Dahir naye hakunidai neno. Alisema ni kadari, akanipa mkono wa pole mbele ya watu. Kila mtu alikuwa mwema kwangu. Nilikula wema huo miezi mitano.

Kilichonivunja ni Zuhura. Alirudi kutoka chuoni siku moja, macho mekundu. Wenzake walikuwa wamemwambia mama yake alichoma gari la baba. Akaja akakaa karibu nami nikiwa natengeneza chakula, akasema, "Baba, usimkasirikie mama. Hakukusudia."

Niliweka mwiko chini. Mtoto wa miaka tisa alikuwa anamtetea mama yake kwangu! Kwangu mimi! Nikaapa kwamba Ijumaa ile nitasema mbele ya wote.

Tulikuwa na hitima ya kumrehemu nyumbani kwa Bakari. Walikuwepo ndugu, majirani, mama mkwe wangu nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Baada ya dua nikasimama. Nikasema kila kitu, kama nilivyowaandikia hapa. Kwamba chetezo niliagiza mimi. Kwamba alikataa, nikamkaripia. Kwamba niliushika mlango, na alipoomba nimfungulie nilimwambia amalize. Kwamba msikitini sikwenda.

Nilikuwa nangoja Bakari anipige. Wallahi nilikuwa natamani anipige.

Bakari alinyanyuka polepole, akaja, akanikumbatia. Alikuwa analia. Akasema, "Dada yangu alinieleza mwenyewe akiwa kitandani. Mtu anayekaribia kumrudia Mola wake hasemi uongo. Lakini wewe umekubali kujipaka matope ili jina lake lisafike. Hakuna mwanamume kama wewe."

Nikapiga kelele kwamba ni kweli, ni mimi. Nikamtajia kule kugongwa kwa bati, mara tano. Mzee mmoja akanivuta mkono nikae, akawaambia watu uchungu umemzidi, mwombeeni. Wakaniombea. Watu arobaini wameinua mikono wananiombea, na nyuma ya pazia namsikia mama mkwe wangu akishukuru kwamba bintiye aliolewa na mtu wa aina yangu.

Njiani kurudi, Zuhura alinishika mkono akaubusu. Akasema, "Najua, baba. Unasema vile kwa sababu unampenda mama." Nilimwambia hapana, mwanangu, ni kweli. Akatikisa kichwa na kutabasamu kidogo, kama unavyomtabasamia mtu mgonjwa.

Tangu siku hiyo nimekwenda kwa Bakari mara tatu. Siku hizi akiniona nimeanza, ananiletea kahawa na kuzungumza mambo mengine. Shahidi wangu ni mmoja tu, na yeye alitoa ushahidi wake kwa kunionea huruma, kisha akaondoka. Uongo wangu sasa una jina la maiti juu yake, na hakuna anayethubutu kuugusa.

Nawasihi, wenzangu. Wewe fundi, mkeo akikwambia harufu imempanda kichwani, fungua mlango. Desturi ya wazee haikuwekwa ili mtu afe ndani yake. Na wewe uliyefanya kosa, lolote lile, liseme saa ile ile, mbele ya yule yule unayemwogopa, hata kama atakutoa jino. Usingoje kesho. Mimi nilingoja, na sasa nimebaki na ukweli ambao hakuna anayeutaka.

Mwanahawa hakuwa na haraka. Hakuwa mzembe. Hakutaka hata kuingia mle ndani. Watu wetu wote wanasema vingine, mama yake, kaka yake, mtoto wake. Nyinyi hamkumjua, wala hamnijui mimi, hamna sababu ya kunisitiri.

Niaminini nyinyi.