Boga Pori na Nyasi za Korongoni

Mpira wa rejeta ulipasuka katikati ya jangwa. Maji yakamwagika mchangani yakichemka, gari likakohoa, likazimika. Dereva akaufunga mpira kwa kipande cha tyubu, akakaza waya, akajisifu. Kisha akatikisa dumu la maji. Tupu.

"Gari limepona," alimwambia wifi yake, mkusanya mbegu, aliyejilaza uvunguni mwa gari midomo imepasuka. "Lina kiu tu, kama sisi."

Wifi akanyoosha kidole kwenye korongo lililokuwa kando ya njia. Boga pori lilikuwa limetambaa juani bila haya, majani mabichi, matunda ya duara yamejaa. Dereva akapasua moja, akalamba. Uso ukajikunja wote.

"Tema! Hilo litakuharisha mpaka ukauke."

"Ungesema kabla sijalamba!"

"Ningeikosa sura hiyo."

Lakini majani mabichi vile, wifi alisema, chini lazima pana maji. Wakachimba kwa sepetu. Mzizi ulikuwa mnene kama paja, ukishuka, ukishuka, na mchanga wa pembeni mkavu kama unga. Jua likawachapa migongo. Wifi akapiga magoti.

"Choyo tupu. Maji yote kajiwekea mwilini mwake, na machungu. Basi, wifi yangu. Tumekwisha."

"Umekwisha wewe! Mimi nife mbele ya boga? Kaka yako nitamwambia nini?"

Kwa hasira dereva akang'oa fungu la nyasi pale pale korongoni, nyasi fupi zilizogugunwa na wanyama, hazitamaniki hata kwa macho, akamrushia usoni. Udongo wa mizizi ukamganda wifi shavuni.

Ukaganda kweli. Wifi akaugusa, akaunusa.

"Nipige tena," alisema.

"Umechanganyikiwa?"

"Una unyevu! Boga linaishi kwa akiba yake. Nyasi hizi mizizi yake haifiki kiwiko, hazina pa kuweka akiba. Zinakunywa hapa hapa."

Wakachimba kwa sepetu, kwa kucha. Shimo likameza mkono mpaka begani, mchanga ukawa tope, na maji ya rangi ya chai yakaanza kujikusanya. Wakayachuja kwa mtandio, wakanywa, wakapaliwa, wakacheka. Yaliyofuata yakaenda kwenye rejeta, kopo kwa kopo.

Gari likanguruma.

Njiani wakakutana na gari la kituo chao, lililotumwa kuwatafuta baada ya kuchelewa kurudi, limebeba machela na watu wenye nyuso za msiba.

"Tumekuja kuwachukua!"

"Kwani sisi mizigo?" dereva alijibu, hata mguu hakutoa kwenye mafuta. "Geuzeni. Mtufuate."