Pedali ya Kushoto

Jambo ambalo Juliana hajalipatia jibu mpaka leo ni hili: kwa nini gari lile? Lilishushwa bandarini, likaendeshwa hadi Kahama na dereva asiyemjua mtu yeyote wa ukoo wao, likakaa yadini miezi, wateja wakalijaribu. Klachi yake haikumsumbua mtu. Ilimngoja yeye.

Jua lilikuwa linazama walipofika yadini. Mihayo, kaka wa marehemu mume wake, alimwomba amsaidie kuchagua gari la mbio, kwa kuwa katika ukoo mzima hakuna aliyejua magari kama Juliana. Huko Geita alikuwa ameendesha tipa la mawe ya dhahabu kwa miaka mingi.

Alikubali kwa sababu moja tu. Wiliam, mume wake, alifukiwa na kifusi ndani ya duara la Mihayo, shimo lake la kuchimbia dhahabu, na alipotolewa hakuwa na mguu wa kushoto. Wazee waliviringisha kipande cha mti ndani ya sanda ili maiti aonekane mzima, wakamzika. Haukupita muda, duara lile likaanza kutema dhahabu. Watu wakanong'ona: ndagu. Utajiri wa kafara. Juliana hakutaka dhahabu ya mtu. Alitaka mguu wa mumewe auzike, na aliamini Mihayo anajua ulipo. Kila siku aliamka na hasira, kabla hata ya kunawa uso.

"Mapacha hawa," alisema Sufiani, muuzaji, akiwaonyesha magari mawili meusi. "Tofauti ni gia tu, bosi. Hili ni manyuo, pedali tatu. Hili jingine lina klachi mbili, lakini mguu wa kushoto unapumzika. Klachi moja imeshika gia uliyo nayo, ya pili imeshaandaa inayofuata. Wewe hujataka, lenyewe limeshajua!"

"Nachukua hilo," alisema Mihayo upesi.

Juliana akamgeukia. "Shemeji, si wewe uliyekuwa ukisema gari lisilo na pedali ya klachi ni kiti cha kinyozi?"

"Watu hubadilika, Mama Lusia."

"Au mguu wa kushoto umekususa?"

Sufiani alicheka. Mihayo hakucheka.

"Nimekatazwa," alinong'ona.

"Na nani?"

Mihayo akamsukumia ufunguo wa lile la klachi mbili.

Juliana akaliendesha lile la klachi mbili. Lilikuwa gari zuri. Gia ziliingia kabla hajaziwaza, laini, bila mshtuko, na hakuona kosa lake. Aliporudi yadini akaomba ufunguo wa pili.

"Hakuna haja," alisema Mihayo.

"Umeniita nichague, na sijamaliza. Panda."

"Panda, bosi, mama hakuli!" alidakia Sufiani.

Mihayo akapanda, akaikunja miguu yake kama mtu anayeogopa sakafu.

Walishika barabara ya kwenda Isaka. Giza lilikuwa linaingia. Gia ya kwanza. Ya pili. Kisha ikaja harufu... udongo mbichi wa chini kabisa, uliochanganyika na baruti. Harufu ya duarani.

"Unaisikia?"

Mihayo akaziba pua.

Juliana akainua mguu akanyage klachi, aingize ya tatu.

Hakuigusa.

Pedali ilishuka yenyewe.

Ikapanda. Ikashuka tena.

Mara mbili.

Mkono wake ukaganda juu ya gia. Tipa lao la Geita lilikuwa chakavu. Gia hazikuingia mpaka ukanyage klachi mara mbili, mara ya kwanza kutoa gia, mara ya pili kuingiza. Wiliam ndiye aliyemfundisha. Akaizoea mno tabia hiyo hata akawa anaifanya kwenye gari jipya la watu, naye Juliana akimcheka.

"Wiliam?"

Pedali ikashuka tena. Safari hii ikabaki chini.

Injini ikanguruma bure, magurudumu hayakupata nguvu. Gari likapoteza mwendo, likasimama katikati ya lami. Nyuma yao zikatokea taa za lori... honi... honi tena. Mihayo alivuta kitasa cha mlango. Mlango haukufunguka.

Juliana akapeleka mguu aibandue pedali ile.

Ukagusa vidole.

Hapo woga ulimtoka wote. Ikabaki hasira peke yake.

"Uko wapi?"

"Nini, Mama Lusia?"

"Mguu wa mume wangu! Sema, au lori litukute hapa hapa!"

"Sikumuua! Ni kifusi, gete, kweli nakwambia. Niliukuta umeshakatika. Mganga akasema—"

"Uko wapi?"

"Nyumbani kwangu... Chini ya kizingiti."

Pedali ikaachia. Gari likaruka mbele hadi kwenye majani ya kando, na upepo wa lori ukalitikisa likipita.

Ukoo ulikaa Jumapili. Vijana walitaka nyumba ya Mihayo ichomwe. Shangazi Eufrasia aliwauliza nani kati yao alikuwa duarani siku ile, wakarudi kuketi. Inawezekana Mihayo alisema kweli. Inawezekana kifusi kilianguka chenyewe, naye akawa maskini aliyekutana na kishawishi. Juliana aliliwaza hilo kwa haki yote, na hasira haikupungua hata kidogo.

Uamuzi ukawa huu: Mihayo afukue mwenyewe, mchana, mbele ya wote, aubebe mguu hadi kaburini kwa ndugu yake. Akashika jembe. Alipokikaribia kizingiti, mguu wake wa kushoto ukagoma. Alijikokota, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akilia kama mtoto.

Basi aliyefukua ni Juliana. Alichimba mpaka akakuta furushi la kaniki, akaliinua, akalikumbatia kifuani na kulibeba peke yake njia nzima. Kila aliyetaka kumpokea alimsukuma, maana hakutaka mwingine yeyote ajue kwamba lilikuwa bado na joto.