Wimbo wa Madoa

Kila jioni, akishamaliza kuteka maji na kuosha vyombo, Leonia aliketi mlangoni na simu ya mama yake, akikata na kuunga picha za filamu ya klabu ya shule. Jumamosi ingeonyeshwa mbele ya wazazi. Ndani yake ng'ombe anavamia shamba la mahindi, mkulima anamchapa fimbo, kisha yeye mwenyewe anateleza na kuanguka topeni, puu! Mwishoni mkulima na mfugaji mwenye ng'ombe wanapatana.

Picha zilipendeza, ila zilikosa muziki. Ndipo Leonia alipoukumbuka wimbo wa "Madoa Tembea". Nani asiyeujua pale Sumbawanga? Maduka ya mtaa wa Majengo yanaupiga, bodaboda wanaupiga, na harusini watu huucheza mpaka vumbi linatimka. Akaupachika pale ng'ombe anapochapwa, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Alhamisi wanaklabu waliitazama darasani wakavunjika mbavu. Kabula tu hakucheka. Huyu alikuwa rafiki wa Leonia wa dawati moja tangu darasa la pili, lakini siku hiyo alikusanya madaftari yake akatoka bila kuaga.

Leonia alimkimbilia. "Kabula! Nimekukosea nini?"

"Wimbo ule aliutunga babu yangu. Ulimwomba?"

"Kwani si wa watu wote? Kila mtu anaucheza!"

"Wanacheza, sawa. Wewe umemchapa Madoa." Kabula akaenda zake, akifuta macho kwa kiganja.

Leonia alirudi kwa Mwalimu Justina, mlezi wa klabu, akamweleza yote. "Nenda kwa mwenyewe," mwalimu alisema. "Akikataa, utautoa, hata kama filamu itakosa utamu."

Kesho yake alimkuta Mzee Mboje, babu yake Kabula, zizini akikamua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kabula kaniambia. Hebu nione."

Mzee alitazama hadi fimbo ilipoanguka mgongoni mwa ng'ombe, akamrudishia simu.

"Madoa alikuwa maksai wangu," alisema. "Tulipohama kutoka Shinyanga, alivuta mkokoteni aliolalia bibi yake Kabula, mgonjwa. Alipochoka sikumchapa. Nilimwimbia: 'Madoa, tembea, nyumbani si mbali.' Akatufikisha huku Ufipa. Bibi alipona. Madoa alilala, hakuamka tena."

Leonia alishindwa kujizuia, akalia. "Nisamehe, babu. Nitautoa leo hii."

"Utoe kwa nini? Niliurekodi redioni, na watu wakiucheza nafurahi, hata mimi huucheza. Ila kwenye fimbo siwezi kuusikia. Halafu, mjukuu wangu, mpaka sasa hujaniomba."

Leonia akapiga goti. "Babu, naomba wimbo wako."

"Utautia wapi?"

Alifikiri. "Pale wanapopatana, ng'ombe anaporudishwa nyumbani."

Mzee Mboje akatabasamu. "Hapo chukua. Na jina la Madoa uliandike."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mkulima alianguka topeni bila wimbo wowote, na watu wakacheka vilevile. Kisha ng'ombe akaonekana akielekea nyumbani jua likizama, na wimbo ukaanza taratibu. Mzee Mboje, aliyeketi mbele, aliimba kwa sauti ya chini. Kabula akaushika mkono wa Leonia, hakuuachia. Maandishi ya mwisho yalisomeka: "Wimbo ni wa Mzee Mboje. Alimwimbia Madoa."

Mwalimu Justina akasimama. "Watoto wangu, wimbo hata ukipigwa kila mahali, una mwenyewe. Kabla hujautia kwenye filamu yako, mwombe, na umwulize aliuimba kwa ajili ya nini. Huo ndio uaminifu, na ndiyo heshima."

Wazazi wakapiga makofi. Mzee Mboje akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, umesema vizuri. Lakini hebu rudisha pale mwisho. Nataka nimwone Madoa tena akifika nyumbani."