Muuguzi Aliyejifunza Kuogesha

Kila asubuhi ya kazi, Guerda Philistin alivaa soksi mbili mbili na glavu za mpira. Kisha alisimama mbele ya mashine na kupanga samaki kwenye maboksi. Ndani ya kiwanda kulikuwa na baridi kuliko barabarani, na baridi ya mji wa Brockton mwezi wa Februari si ya mchezo.

Wenzake walikuwa Wahaiti kama yeye, na wengine watu wa Cabo Verde. Walimtania kwa sababu alipanga samaki kwa unadhifu wa ajabu, vichwa upande mmoja, mikia upande mwingine.

"Mis Guerda!" mmoja aliita. "Huyo ameshakufa. Huna haja ya kumtandikia kitanda!"

Haiti, muuguzi huitwa Mis. Guerda alikuwa Mis kwa miaka kumi na sita katika hospitali moja ya mji wa Jérémie. Alichoma sindano. Alitundika dripu. Daktari alipochelewa, alizalisha akina mama. Sasa alicheka pamoja na wenzake, lakini moyo wake haukuwa kwenye samaki. Alitaka kurudi kwa wagonjwa. Hakutaka kingine.

Aliyemwonyesha njia alikuwa Bi Odile, au Madan Odile kama Wahaiti walivyomwita, mama mnene mwenye miwani aliyeishi ghorofa ya chini. Madan Odile alikuwa msaidizi wa muuguzi kwa miaka ishirini na miwili.

"Kupata leseni ya uuguzi huku kutachukua muda, mwanangu," alimwambia. "Vyeti vyako vitafsiriwe, vikaguliwe, halafu uje mtihani wenyewe. Usiache hayo. Lakini wakati unasubiri, fanya kazi yangu. Angalau utakuwa karibu na kitanda cha mgonjwa."

"Nimsikilize nani? Saluni kila mtu ana lake la kusema."

"Saluni nenda kasuke nywele. Habari za cheti kaulize ofisi ya jimbo inayohusika. Kila jimbo lina utaratibu wake. Binamu yangu alifuata maneno ya watu wa jimbo la Florida, akapoteza mwaka mzima. Uliza mwenyewe, na majibu wakupe kwa maandishi."

Guerda aliuliza. Akaandikishwa darasani. Somo la mwili wa binadamu lilikuwa chepesi kwake, hata akawa anawafundisha wenzake wakati wa mapumziko. Lakini siku za mazoezi ya kitandani, mwalimu alipoita watu, Guerda alirudi nyuma. "Waacheni wasiojua watangulie," alisema kwa upole. Hakuwa na majivuno. Aliamini tu kwamba anajua.

Nyumba moja ya kulea wazee ilikubali kumpokea. Wangemwekea nafasi mpaka mwisho wa Aprili, mradi awe na cheti.

Mtihani wa kuandika alipita vizuri sana. Mtihani wa vitendo alishindwa.

Jioni hiyo aliweka karatasi ya majibu mezani, mbele ya mumewe Fritzner. Fritzner aliisoma mara mbili.

"Umeshindwa kumwogesha mtu? Wewe? Uliyezalisha nusu ya Jérémie?"

"Wanasema nilihesabu mapigo ya moyo kwa robo dakika, nikazidisha kwa nne. Hapa walitaka dakika nzima. Nilimwinua mgonjwa mkono ambao angeweza kuuinua mwenyewe. Na nilipomaliza, niliacha kengele ya kuitia wauguzi juu ya kabati. Hakuweza kuifikia."

"Kengele tu?"

"Kengele."

Fritzner alijikuna kidevu. "Basi, mke wangu, baki na samaki wako. Samaki hawapigi kengele."

Alitaka kumchekesha. Alipoona machozi, alivuta kiti, akakaa karibu naye.

Kesho yake Madan Odile alipanda ngazi na sufuria ya akasan, uji mzito wa mahindi wenye mdalasini. Akasoma ile karatasi huku uji unapoa.

"Nikuulize, Guerda. Kule hospitalini kwenu, nani aliwaogesha wagonjwa?"

"Ndugu zao."

"Nani aliwalisha?"

"Ndugu zao."

"Mgonjwa akitaka maji?"

"Dada yake au mama yake yupo hapo hapo, kwenye mkeka chini ya kitanda. Anampa."

"Na Mis alifanya nini?"

Guerda aliona aibu. "Nikija na sindano, nilikuwa nawafukuza. 'Haya, tokeni! Mtamalizia kuogesha baadaye!'"

Wote wawili walicheka, mpaka Fritzner akachungulia kutoka jikoni.

"Unaona?" alisema Madan Odile. "Hukushindwa kazi ya muuguzi. Umeshindwa kazi ya ndugu. Huku hakuna mtu kwenye mkeka, mwanangu. Mgonjwa yuko peke yake. Ukitoka chumbani na kengele iko mbali, umemwacha hana mtu."

Guerda aliitazama tena ile karatasi. Tangu jana alikuwa ameisoma kama tusi. Sasa aliisoma polepole, mstari kwa mstari.

"Lala kitandani," Madan Odile aliamuru.

"Mimi?"

"Wewe. Mkono wako wa kushoto umepooza. Huwezi kusema vizuri. Lala, usinichoshe."

Guerda akalala. Madan Odile aliingia bila kubisha hodi. Akavuta blanketi. Bila neno, akamfuta uso kwa kitambaa cha maji baridi.

"Yesu! Madan Odile!"

"Nyamaza, wewe umepooza."

Akamgeuza upande kama gunia, akamvuta mkono wa sweta, kisha akatoka akafunga mlango. Guerda alibaki na mgongo wazi, sweta imekwama shingoni. Alimsikia yule mama akinywa uji sebuleni bila haraka. Dakika moja ilipita, kisha nyingine. Guerda alijua ni mchezo. Hata hivyo, alianza kuutazama mlango.

Halafu akasikia hodi.

"Habari za asubuhi. Mimi naitwa Odile. Leo nitakusaidia kuoga. Tuanze sasa, au ungependa kupumzika kwanza?"

Alivuta pazia. Alinawa mikono. Alileta beseni, akamwambia Guerda aguse maji kwanza kama yanamfaa. Alimpa kitambaa katika mkono mzima. "Uso utajifuta mwenyewe, unaweza. Macho bila sabuni, kuanzia puani kwenda nje." Alimfunika taulo, akafunua sehemu moja tu kwa wakati mmoja, akaosha, akasuuza, akakausha. Alipomvalisha, alianza na mkono uliopooza. Kila jambo alilitaja kabla ya kulifanya. Mwisho alishusha kitanda, kwa kuigiza tu, maana hicho kilikuwa kitanda cha kawaida cha mbao. Akaweka kijiko na kikombe cha bati mkononi mwake.

"Hii ndiyo kengele yako. Ukinihitaji, gonga."

Guerda alitazama dari. Hakuna aliyewahi kumwosha kwa namna hiyo tangu alipokuwa mtoto. Aliwafikiria wale akina mama na dada wa Jérémie, na mabeseni yao ya plastiki, aliowafukuza kila asubuhi. Kumbe walikuwa wanaifanya kazi hii yote mbele ya macho yake.

"Asante," alisema kwa sauti ndogo.

"Asante peleka kanisani. Hapa inuka, zamu yako."

Kwa wiki nne walifanya mazoezi kila Jumatano na Jumamosi. Fritzner ndiye aliyeigiza mgonjwa, na alikuwa mgonjwa msumbufu.

"Muuguzi, mgonjwa anataka kahawa."

"Mgonjwa amekatazwa kahawa," alijibu Guerda, vidole vyake juu ya kifundo cha mkono wa mumewe, macho kwenye saa. "Na anyamaze, nahesabu. Dakika nzima."

Siku moja Madan Odile alimwambia jambo lililomuuma kidogo. "Kazini hutatoa dawa. Hutagusa mashine ya oksijeni. Hata dawa unayoijua kuliko jina lako, hutaitoa. Ukiona jambo si la kawaida, mwambie muuguzi wa zamu, saa ile ile."

"Kwa hiyo ninayoyajua niyafungie sandukuni?"

"Macho yako nani ameyafunga? Wewe ndiye utakayemvua nguo mgonjwa na kumwona mwili mzima. Daktari anamwona dakika tano. Angalia, gusa, halafu sema. Kutibu waachie wenye ruhusa mpaka na wewe uipate."

Guerda alifanya mtihani tena katikati ya Aprili. Alibisha hodi. Alijitambulisha. Alipomaliza kumvalisha mgonjwa, alisimama kidogo, akajiuliza: Kama ningekuwa dada yake, ningeondoka sasa? Akasogeza kengele mpaka chini ya vidole vya mgonjwa. Ndipo akanawa mikono.

Alifaulu.

Jumapili, kanisani, wakati wa watu kutoa ushuhuda, Guerda alisimama. Haikuwa kawaida yake. Aliwashukuru waumini kwa sala zao, na mumewe kwa kuugua wiki nne mfululizo. Kisha akamshukuru Madan Odile, aliyemnyanyasa kitandani kwa upendo. Kanisa zima liligeuka kutazama. Madan Odile alishusha kofia yake mpaka kwenye miwani.

Mwezi wa Mei, Guerda alianza kazi. Kwenye orodha yake kulikuwa na Bi Hanrahan, bibi wa miaka themanini na tisa. Alikuwa fundi wa viatu zamani, na alipenda kukosoa viatu vya kila aliyeingia.

"Hivyo vyako vitakuua miguu," alimwambia Guerda siku ya kwanza.

"Nitabadilisha, Bi Hanrahan. Maji haya yanakufaa?"

Wiki ya tatu, asubuhi, Guerda alikuwa akimwosha miguu. Aliosha wa kulia. Akaja wa kushoto. Mkono wake ukasimama. Mguu ulikuwa umevimba nyuma, chini ya goti, na ulikuwa na joto. Jana haukuwa hivyo.

"Hapa panauma?"

"Kidogo. Uzee tu huo, binti."

Guerda alijua inaweza kuwa nini. Damu iliyoganda ndani ya mguu inaweza kupanda mpaka kwenye mapafu na kuua. Alijua hata sindano ambayo angeichoma kule Jérémie. Hakusugua mguu wala hakuukanda. Aliufunika taulo polepole.

"Bi Hanrahan, naomba ulale hivi hivi, usisimame. Nakwenda kumwita muuguzi. Ukinihitaji, bonyeza kengele hii mkononi mwako, nitasikia."

Nilda, muuguzi wa zamu, alikuwa akipanga dawa.

"Mguu wa kushoto wa Bi Hanrahan umevimba kuliko wa kulia," Guerda alisema. "Una joto, na unamuuma. Jana ulikuwa sawa. Nimemwambia asisimame."

Nilda aliacha dawa, akafunga kabati, akaenda naye. Aliutazama mguu mara moja tu, akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuja.

Siku ya pili, simu iliita kutoka hospitali. Nilda alisikiliza, akatabasamu, akafunika simu kwa kiganja.

"Damu iliganda kweli. Wameshamwanzishia dawa, atarudi wiki ijayo, na ameanza kukosoa viatu vya madaktari." Akashusha sauti. "Daktari anauliza nani aligundua mapema hivyo, na alikuwa anafanya kipimo gani."

Guerda alikuwa ameshika rundo la taulo safi kifuani. Alihisi uso unamwaka, kwa aibu na kwa furaha.

"Mwambie ni mimi," alisema. "Nilikuwa namwogesha."