Mwizi Aliyeacha Sanduku

Saa moja asubuhi mtafiti alifungua maabara ya kituo cha msitu, akakuta sanduku lake la mbao liko mezani pale pale alipoliacha. Tupu! Alipiga yowe lililomtoa mlinzi getini mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Haukupita muda akafika Sajenti Kijiko. Jina hilo alipewa na wenzake, maana akianza kukoroga jambo haachi mpaka la chini lije juu.

"Kimeibwa nini hasa, dada?"

"Vijiti vya miti, afande." Macho yalikuwa yamemwiva. "Tunatoboa shina mpaka katikati, tunachomoa kijiti chembamba kuliko penseli. Pete zake zinaonyesha mti ulivyokua kila mwaka, na hapo ndipo tunapojua umehifadhi kaboni kiasi gani. Kila kijiti nakitia kwenye mrija wa soda kisivunjike."

"Si ukatoboe tena?"

"Nitoboe nini? Eneo lile liliungua lote mwaka jana. Miaka minne ya kazi, na saa nne wageni wanakuja kusikiliza matokeo! Nitawaambia nini mimi?"

Sajenti alilizunguka sanduku. Zuri, la mbao ngumu, na mlango haukuvunjwa. Mwizi gani huyu anayepakua mali akaacha chombo? Jambo hilo halikumkaa vizuri.

Wenye ufunguo walikuwa watatu: mtafiti mwenyewe, mwenzake wa utafiti wa udongo aliyeitwa Msumeno kwa ukali wa ulimi, na mkuu wa kituo. Akaanza na Msumeno.

"Nasikia juzi mlirushiana maneno."

"Tulirushiana, ndiyo! Alijaza majani kwenye tanuri la kukaushia siku nzima, udongo wangu unasubiri nje kama mgonjwa wa foleni. Lakini kuiba? Hesabu zangu zinasimama juu ya vijiti vyake. Akizama yeye, nami nimezama. Nijikate mguu ili nimkomoe jirani?"

Maneno yalikuwa makali, ila yalikuwa na akili.

Mkuu wa kituo, ambaye wote walimwita Mwalimu kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kazi, aliingia na tai yake shingoni. "Pole sana, mwanangu," alimwambia mtafiti. "Leo wageni watasikiliza ripoti yangu ya zamani. Yako itangoja."

Alipotoka, Sajenti akamuuliza mtafiti, "Matokeo yako ulimwonyesha nani?"

"Mwalimu peke yake, jana jioni. Ningempitaje mkubwa wangu?"

Sajenti akaenda kantini kupoza koo.

"Kunywa hivyo hivyo, mwanangu," alisema Mama Kantini akimsogezea soda. "Mirija wameimaliza watafiti. Kila siku 'mama, nisaidie mirija', utadhani wanainyonya hiyo miti!"

"Na boksi lile juu ya kabati?"

"Hilo usiliguse. Mwalimu kalileta alfajiri. Mirija ya wageni, kasema lisifunguliwe mpaka waondoke."

Sajenti aliweka chupa chini. "Mama, mirija ya wageni ifunguliwe wageni wakishaondoka?"

"Ala!" Mama Kantini akashika kiuno. "Kweli bwana!"

Saa tatu wote walikuwa maabara, na boksi likiwa mezani.

"Mwizi wa nje angebeba sanduku," alisema Sajenti. "Huyu wetu alijua sanduku litatambulika. Lakini mirija ndani ya kantini, nani ataiuliza?"

Akafungua. Mtafiti alitumbukiza mikono yote miwili, akainua mrija mmoja kwenye mwanga, kijiti kizima ndani, akacheka huku machozi yakimtoka. Vyote vilikuwepo.

Mwalimu alikaa kwenye stuli. "Nilivibeba kama mayai. Kuvichoma sikuweza."

"Kwa nini, Mwalimu?" Msumeno alifoka.

"Ripoti yangu inasema miti mikubwa imenenepa ajabu. Jana vijiti vikasema haikunenepa hivyo, ndipo nikakumbuka. Kipimo cha kwanza nilizungusha utepe kwenye shina wakati wa kiangazi. Cha pili, miaka kumi baadaye, nikazungusha masika. Gome lilikuwa limevimba kwa maji, mimi nikashangilia mti umekua! Kosa ninalowafokea wanafunzi wapya kila mwaka. Niliona aibu. Nilitaka leo tu ipite."

Sajenti akamgeukia mtafiti. "Kesi ni yako, dada."

Mtafiti alimtazama mzee aliyemfundisha kushika kekee ya kutobolea miti. Hasira ilikuwepo, lakini furaha ya vijiti iliizidi nguvu. "Sitaki kesi. Ila wewe ndiye utakayetangulia kusema, Mwalimu. Na useme hilo la gome."

Saa nne Mwalimu alisimama mbele ya wageni, akalisema lote, la gome na la boksi. Kisha akamalizia: "Aliyenisahihisha ni mwanafunzi wangu. Mwanangu, njoo."

Mtafiti akapita mbele na sanduku lake kifuani. Nyuma yake Mama Kantini alikuwa akigawa soda.

"Kunyweni hivyo hivyo, wageni wetu," alisema. "Leo mirija imeshikiliwa na polisi."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mwalimu.